UZI: Pancha njiani Malindi: ipi ya kamba, ipi ya kiraka, ipi ya kutupa, na fundi anayekuja ulipo aje na nini

MtuWaSabaki

Hamjambo jamaa. Kwenye magrupu ya hapa swali huwa lile lile: "Nani ana namba ya fundi wa pancha anayekuja ulipo?" Namba ikishatumwa, maneno yamekwisha. Hapa nataka tuongee kazi yenyewe, maana fundi anayekuja kwa pikipiki na boksi la kamba (vipande vya mpira unaonata vya kusukumia kwenye tundu) na pampu hawezi kila pancha, na dereva asiyejua tofauti hulipa mara mbili.

Tairi ligawe sehemu tatu: uso unaokanyaga lami, bega, na ubavu. Tundu lililo usoni, mbali na bega, lisilozidi milimita 6, linazibika. Bega na ubavu haviguswi. Usoni, chini ya mpira, kuna mikanda ya waya wa chuma inayoutuliza mpira. Ubavuni mikanda hiyo haipo. Pale tairi hukunjwa na kunyooshwa kila mzunguko, na kiraka hukunjwa nalo mpaka kiachie. Na huachia gari likiwa na mzigo, kasi na joto, si likiwa limeegeshwa nyumbani.

Huku kwetu mengi ni ya aina tatu. Misumari ya mabati na ya mbao, hasa kwenye majengo mapya ya Casuarina na njia ya Mayungu. Miiba ya mathenge, ukienda upande wa Garsen au njia za ndani. Na mawe ya matumbawe kwenye barabara zisizo na lami. Msumari na mwiba hutoboa, vinazibika. Jiwe la matumbawe huchana ubavu, na hapo ni tairi lingine.

Kazi ya kamba kwa tairi la tubulesi (lisilo na tyubu), bila kutoa gurudumu ikiwa tundu linafikika: jaza upepo kwanza, hata 20 psi (kipimo cha presha ya upepo), upake maji ya sabuni utafute povu. Weka alama kwa chaki. Ng'oa msumari kwa plaizi huku ukiangalia umeingia kwa mlalo gani, kwa maana sindano yako lazima ifuate mlalo uleule. Sindano yenye meno iingize na kuitoa mara kumi hivi mpaka isiwe ngumu. Kama tairi lina waya, hapo ndipo ncha za waya zinapolainishwa zisije zikaikata kamba. Pitisha kamba kwenye tundu la sindano ya pili mpaka ncha mbili ziwe sawa, paka solusheni (gundi ya mpira), sukuma mpaka zibaki kama sentimita moja na nusu nje, kisha vuta sindano kwa mkupuo mmoja bila kuizungusha. Kata kwa kisu, acha milimita 3. Usivute kamba wakati wa kukata. Jaza upepo kamili, paka sabuni tena, subiri dakika mbili. Povu dogo likiendelea, ongeza kamba ya pili pembeni ya ya kwanza. Ikihitaji ya tatu, tundu ni kubwa, achana nalo.

Kamba ikikaa vizuri, wengi huenda nayo mpaka tairi liishe.

FundiNati21

Nakubali yote isipokuwa mstari wa mwisho.

Kamba inaziba upepo usitoke. Haizuii maji kuingia kwenye waya, tena maji ya huku yana chumvi. Tundu linaonekana kavu kwa nje, ndani waya unaota kutu na mpira unaachana na mkanda. Miezi baadaye uso unatunga kama jipu. La pili, ukiziba kwa nje hujaona ndani, na ndani ndiko kuna habari yote.

Tairi lililotembezwa bila upepo hata kilomita mbili linaweza kuwa limekufa na nje halionyeshi kitu. Ukilitoa kwenye rimu utakuta unga mweusi wa mpira umemwagika ndani, au mstari wa duara uliochubuka ubavuni pande zote. Ule unga ni ubavu uliosagika. Hata tundu likiwa la sindano, tairi hilo halirudi barabarani. Fundi wa kamba ataliziba, atalijaza, atapokea M-Pesa yake, na dereva atashika njia ya Mombasa, karibu kilomita 120, na ubavu uliokwisha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kamba ikufikishe mahali pa kutolea tairi. Kazi ya kudumu ni kiraka cha uyoga, kile chenye mguu unaojaza tundu na kofia inayobandika ndani.

Namna yake: toa tairi, kagua ndani, safisha tundu kwa keekee ndogo ya milimita 6 kwa mlalo wa msumari. Kwaruza ndani kwa brashi ya chuma au msasa, eneo kubwa kidogo kuliko kofia, mpaka mpira uwe mweusi usiong'aa, lakini usifike kwenye nyuzi zilizo ndani ya mpira. Ukiona nyuzi umepita. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu au kisafishio cha mpira. Wengi hutumia petroli, na petroli inaacha mafuta na kulegeza gundi. Paka solusheni nyembamba, subiri. Haibandikwi mbichi. Ijaribu kwa mgongo wa kidole: ikinata kidogo bila kutoka na kidole, iko tayari. Kwa kawaida dakika 5, ila kukiwa na unyevu wa masika inaweza kuchukua mara mbili, na hapo ndipo wenye haraka huharibu. Vuta mguu utokee nje mpaka kofia ikae, kisha pitisha kigurudumu cha kubania kuanzia katikati kwenda kingoni ili hewa isibaki. Kata mguu nje sawa na meno ya tairi.

Tuktuk_Shella

Nyie mnaongea ya magari. Tuktuk 4.00-8 ina tyubu, hakuna kamba hapo. Na mwiba wa mathenge ukivunjika ndani ya tairi, unabadilisha tyubu tatu kwa siku moja na bado hujui kwa nini.

FundiNati21

Kwa sababu fundi hakagui ndani ya tairi. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa laini ndani ya tairi zima, pande zote mbili. Kitambaa hunasa kwenye ncha ambayo kidole hakiioni. Kidole peke yake pia hukatwa. Kisha linganisha tundu la tyubu na mahali pa valvu: weka tyubu juu ya tairi vile ilivyokaa, na utajua pa kutafuta.

Na kuna hatari kubwa zaidi kwa tuktuk ambayo vijana wapya hawaambiwi. Rimu yake ni nusu mbili zilizobanwa kwa bolti. Kuna nati za kushika gurudumu kwenye habu, na kuna nati za kubana zile nusu mbili. Ukifungua za pili tairi likiwa na upepo, nusu ya rimu inaruka. Toa pini ya valvu (kile kidude cha ndani kinachozuia upepo) kwanza, upepo wote uishe, ndipo ushike spana. Wakati wa kufunga, ingiza upepo kidogo tu ili tyubu isibanwe katikati ya nusu mbili, funga nati zote, halafu ujaze.

Mwanamisi_K

Asanteni. Mimi naomba ya jeki. Gari likipata pancha kwenye mchanga, kama njia za kuingia ufukweni Mambrui, jeki inazama. Fundi akija naye analeta jeki ileile. Inakuwaje?

KobeWaKakoneni

Dada, ubao. Plaiwudi au mbao ya sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 3 hivi, inalala chini ya jeki. Kwenye mchanga mlaini sana weka mbili kwa kupishana. Fundi anayekuja bila ubao huyo hajawahi kutoka mjini.

Mpangilio wake ni huu. Handbreki, gia ya kwanza au P, kabari mbele na nyuma ya gurudumu la mshazari na lile lenye pancha. Legeza nati kwa robo mzunguko gari likiwa bado chini, maana likishapanda gurudumu litazunguka nawe au gari litatikisika juu ya jeki. Jeki iwekwe pale chesisi ina alama, si kwenye bodi. Ikishapanda, ingiza stendi, na kama huna, tupa tairi la spea chini ya gari pembeni ya jeki. Jeki ikiteleza, gari litalalia spea badala ya mguu wa mtu. Kwenye mchanga chimba kidogo chini ya gurudumu badala ya kuinua gari juu sana.

Wa mchanga pia wajue: ukishusha upepo ili usizame, 16 hadi 18 psi inatosha kwa gari la four-wheel. Chini ya 15, ukikata kona kali mdomo wa tairi (ukingo wake unaokaa kwenye rimu) unaachia rimu, na hapo si pancha tena, ni kazi nzima ya kukalisha tairi upya. Na kabla ya kurudi lamini, jaza.

HesabuYaUpepo

Kwenye kujaza ndipo watu hudanganywa na vifaa. Acheni niweke namba.

Tairi la 195/65R15 lina nafasi ya lita 35 hivi ndani. Kulifikisha 32 psi, yaani bar 2.2, unahitaji kama lita 77 za hewa ya kawaida. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, iliyoandikwa lita 30 kwa dakika, ingemaliza kwa dakika mbili na nusu kwa hesabu. Kwa kweli huchukua tano au zaidi, kwa sababu kadiri upepo unavyopanda ndani ya tairi ndivyo pampu inavyosukuma kidogo. Ndiyo sababu pia huchemka. Gari kubwa la 265/65R17 likitoka 16 kwenda 32 psi linakula lita 80 kila tairi, na ni manne. Hapo kompresa ndogo lazima ipumzishwe katikati au iungue. Iwashie injini, na kama inakula zaidi ya ampea 10, chukua moto kwenye betri kwa klipu, usichome fyuzi ya soketi.

Wanaotembea na tangi la lita 25 lililojazwa mjini bar 8: hewa unayoweza kutoa kabla tangi halijalingana na tairi ni 25 mara 5.8 (8 toa 2.2), yaani lita 145. Tairi la kwanza litajaa, la pili litakaribia, la tatu sahau. Kwa fundi wa kazi hasa, ni kompresa ya petroli au ya injini ya gari lenyewe yenye tangi la lita 50 kwenda juu. Tangi ndilo linalokupa mkupuo wa kukalisha mdomo wa tubulesi.

Kisauti_wa_Ganda

Huo mkupuo si wanamwaga petroli wakawasha kiberiti? Tairi linakaa pwaa!

FundiNati21

Na rimu inapasuka pwaa, na uso wa mtu pia. Moto ule hauna geji. Hujui umeweka psi ngapi, na mvuke usiowaka wote unabaki ndani ukingoja. Usifanye, na usimruhusu fundi afanye kwenye gari lako hata kama amezoea.

Tairi likikataa kukaa: toa pini ya valvu ili hewa iingie kwa wingi, paka sabuni nene mdomoni, zungusha kamba ya kawaida au mkanda wa mizigo katikati ya uso wa tairi, uikaze ili midomo ifunguke kwenda nje, kisha piga upepo. Utasikia mlio mara mbili, mdomo mmoja baada ya mwingine. Ikifika 40 psi kwa gari dogo na bado haujakaa, simama. Toa upepo, paka sabuni tena. Usiongeze. Waya wa mdomo ukikatika kwa presha, rimu na tairi huruka pamoja. Ukishakaa, rudisha pini, jaza kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari, na hakikisha ule mstari mwembamba karibu na rimu uko sawa pande zote. Ukiwa umezama mahali, tairi litarukaruka.

Sabuni iwe ya kipande au ya kazi hiyo. Ya kuoshea vyombo huwa na chumvi na hula rimu. Grisi na oili ndiyo kabisa hapana, tairi litazunguka ndani ya rimu ukikanyaga breki.

ChumviGongoni

Umetaja chumvi, niongezee. Magari yanayolala pembeni ya bahari au yanayoingia mashamba ya chumvi Gongoni na Marereni hupoteza upepo kidogokidogo, 3 au 4 psi kwa wiki, na hakuna msumari. Fundi anaweka kamba kwenye tundu ambalo halipo! Upepo unatoka katikati ya mdomo wa tairi na rimu, pale kutu imevimba au aloi imefanya unga mweupe. Laza gurudumu, mwaga maji ya sabuni kwenye mzunguko wa rimu pande zote na juu ya valvu, ngoja dakika tano. Povu lake ni dogo kama la chai, si kubwa.

Dawa yake ni kutoa tairi, kusugua pale mdomo unapokaa kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kiwe laini, kufuta, na kupaka dawa nyeusi ya kuzibia mdomo. Kupaka dawa juu ya kutu ni bure, itabanduka na kutu yake.

Valvu ya mpira ibadilishwe kila tairi linapobadilishwa. Ni kitu cha bei ndogo. Ikunje kwa kidole, ukiona nyufa kwenye shina haifai. Na kifuniko chake si pambo, ndicho kinachozuia chumvi na mchanga kufika kwenye pini. Magari mapya yenye sensa ya upepo ndani hutumia shina la aluminiamu. Huko weka pini iliyopakwa nikeli, kwa sababu ya shaba tupu ikikutana na aluminiamu na maji ya chumvi hugandamana, na ukijaribu kuifungua shina linakatika na sensa inaenda nayo. Mwambie fundi kabla hajaanza kuwa kuna sensa, ili taimbo lake lisianzie upande wa valvu.

Mwanamisi_K

Na ile dawa ya jeli, ya chupa, unamimina ndani ya valvu? Madukani wanasema inaziba yenyewe.

KobeWaKakoneni

Inaziba vitundu vidogo vya usoni, ni kweli. Kwa boda na mwiba inasaidia. Kwa gari, iweke kama ya dharura tu. Huchafua sensa, huharibu balansi kwa sababu hutulia chini gari likisimama, na kiraka hakishiki mahali palipolowa jeli mpaka paoshwe na kukaushwa. Ukiitumia, mwambie fundi. Akilegeza pini bila kujua, inamrukia machoni.

Tuktuk_Shella

Na wale wa Probox wanaotia tyubu ndani ya tubulesi? Huku ndiyo dawa ya kila kitu.

MtuWaSabaki

Hiyo shekhe ni dawa ya kuficha ugonjwa. Tyubu inatiwa kwa sababu rimu imeoza au ubavu umechanika. Zote mbili bado zipo, umezifunika tu. Ubavu uliochanika utaibana tyubu kwenye ule mchano mpaka ipasuke. Tena ndani ya tubulesi hapakutengenezwa kwa tyubu: kuna mistari na vibandiko vinavyosugua, hewa hunaswa katikati, joto huongezeka. Na tubulesi ikichomwa na msumari hupumua taratibu, tyubu huisha mara moja.

Kama huna budi kwa rimu iliyopinda huko mbali, tairi liwe zima, tyubu iwe ya saizi iliyoandikwa tairini, vibandiko vya ndani vitolewe, poda ipakwe, na mwendo uwe wa kufika mjini.

Kuhusu kamba, FundiNati, sibishani nawe kwa gari la mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Kwa gari linalozunguka mjini, Shella mpaka Kisumu Ndogo na kurudi, kamba moja iliyokaa katikati ya uso sioni tairi la kutupwa pale.

FundiNati21

Sikusema litupwe. Nimesema litolewe, likaguliwe. Kama ndani ni safi, uyoga unachukua nusu saa na umemaliza. Gari la mjini leo, kesho limekodishwa kwenda Tsavo.

HesabuYaUpepo

Nati sasa, maana huku ndiko mafundi wa kuja ulipo hukosea sana. Toyota nyingi ndogo zina nati ya spana 21 na mkazo wa nyutoni-mita 103. Wili spana ya gari ina mpini wa sentimita 30 hivi. Kufikia 103 unahitaji kusukuma kwa uzito wa kilo 35 mwishoni mwa mpini. Mtu wa kilo 70 akisimama juu yake kwa mguu ameshaweka mara mbili. Akiruka, ndiyo zaidi. Stadi (bolti inayoingia nati) inavutika, uzi unaharibika, na siku nyingine ikifunguliwa inakatika. Mashine ya upepo ya kufungulia nayo isitumike kumalizia. Ianze, kisha spana ya toki, ile inayopima mkazo, imalize.

Funga kwa nyota, si kwa duara. Raundi ya kwanza gurudumu likiwa hewani, kwa mkono mpaka zikae. Ya pili gari likiwa chini. Usipake oili kwenye uzi, mkazo uleule utavuta stadi kuliko inavyotakiwa. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe tena, hasa rimu za aloi.

Na angalia kiti cha nati, yaani pale nati inapokalia rimu. Rimu za aloi za Toyota zenyewe hutumia nati yenye washa bapa. Rimu za kununua nyingi zina kiti cha koni. Nati bapa kwenye koni hugusa ukingo tu, inaonekana imekaza, na baada ya siku mbili inalegea.

ChumviGongoni

Kwa malori ya 10.00R20 yenye tyubu, flepu (mkanda wa mpira kati ya tyubu na rimu) na ringi ya chuma inayoshika tairi kwenye rimu: bila kizimba cha chuma cha kuwekea gurudumu, hakuna kujaza. Nimemaliza. Ringi isipokaa kwenye mfereji wake inaruka kama panga, na upepo wa pale ni zaidi ya 100 psi. Fundi wa pikipiki asiyekuwa na kizimba, klipu ya kujishika kwenye valvu na mpira wa hewa mrefu wa kumweka mbali pembeni, kazi yake ni kubadilisha spea iliyojazwa tayari, basi. Na kama ni magurudumu pacha, angalia mwenzake. Limebeba mzigo wa wawili tangu pancha ilipoanza.

Kisauti_wa_Ganda

Sawa wazee. Sasa nikimpigia fundi nimwambie nini ili asije akarudi kuchukua vifaa na kunichaji mafuta ya safari mbili?

MtuWaSabaki

Mpigie picha ya ubavu wa tairi, pale pameandikwa mfano 195/65R15 91H. 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana, 15 ni rimu kwa inchi, 91 ni mzigo wa kilo 615, H ni mwendo wa mwisho 210. Hiace ya abiria ina 195R15C, ambayo hubeba kilo 950 au zaidi kwa tairi. Asije na tairi la gari dogo kwa sababu rimu ni 15 vilevile.

Mwambie pia: gurudumu gani, limetembezwa bila upepo au la, kuna spea na ina upepo, kuna nati za kufuli na ufunguo wake uko wapi (kawaida kwenye dashibodi au pamoja na jeki), umesimama lami, murram au mchanga, na kama umetia jeli. Tuma lokesheni, lakini taja na alama: daraja la Sabaki upande wa Mambrui, au mita ngapi baada ya njia panda ya Gede. Ukishapita Lango Baya kuelekea lango la Sala usitegemee fundi. Huko ni spea mbili, kamba, pampu na maji.

Bei ikubaliwe vipande vipande kabla hajatoka: nauli ya kufika, kazi ya kutoa na kurudisha, kiraka au kamba, valvu, balansi. Fundi akitaja bei moja tu kwenye simu bila kuuliza saizi, huyo anakuja na kamba.

Mwanamisi_K

Na akija na tairi la mtumba?

FundiNati21

Soma herufi DOT ubavuni, namba nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikiwa upande wa nje hazionekani, ziko upande wa ndani, na muuzaji hulifunga hivyo kwa makusudi wakati mwingine. Likunje kwa mikono uone nyufa kati ya meno na ubavuni. Tazama ndani: kiraka cha zamani karibu na bega, au ule unga niliousema. Meno yasifike kwenye vile vijiti vidogo ndani ya mifereji, vinaashiria milimita 1.6. Meno mengi kwenye tairi la miaka kumi yasikudanganye, mpira umeshakuwa mgumu na kwenye lami yenye maji haushiki kitu.

Usisahau la zamani lilikuwa linakula wapi, kabla ya kutia jipya. Mabega yote mawili ni upepo mdogo, katikati ni upepo mwingi, upande mmoja ni alainimenti, vibonde vibonde ni shokabsoba au balansi. Ukiacha sababu, jipya litafuata njia hiyohiyo.

Kisauti_wa_Ganda

Swali la mwisho nawaachia. Spea yangu ni ile nyembamba, na pancha ni la mbele. Inafungwa tu?

HesabuYaUpepo

Ile inataka 60 psi, si 32. Nyingi zikitolewa kwenye buti zina 20 kwa sababu hakuna anayezipima. Mwendo usipite 80. Kwa gari la kuvuta mbele, hamisha gurudumu zima la nyuma liende mbele, nyembamba likae nyuma. Mbele ndiko kuna usukani, kuvuta na breki kubwa, na tairi dogo hapo linaifanyisha difrenshali kazi isiyo na mwisho. Ni kuinua gari mara mbili, kweli. Fundi akiwa ameshafika na jeki ya troli, ni dakika kumi.

Kisauti_wa_Ganda

Imepimwa. Ina 18.